Kulitafuta Dude Jeusi la Boriti

Jumatatu, Kisauni, Mombasa

Nauza juisi mbele ya nyumba yetu: embe, ukwaju, miwa siku ambayo mashine imeamka vizuri, na pasheni. Pasheni ndiyo iliyonipa jina mtaani. Sinunui, maana mti ni wangu, wa yale matunda ya manjano, nao umetambaa juu ya banda la makuti nyuma ya jiko.

Mwaka jana banda lilianza kuinama. Fundi akaniambia boriti zimeliwa matundu, tuziondoe tusimamishe vyuma. Nikakubali. Mbili alizozibakisha akazipuliza dawa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na madude meusi, makubwa kama kokwa ya kunazi, yanayovuma kama pikipiki bovu. Mimi mwenyewe nilimpa pesa ya dawa. Nayaandika haya ili nisije nikamsingizia.

Msimu huu mpasheni umetoa maua mpaka majirani wanakuja kupigwa picha. Matunda ni kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Jana mpwa wangu anayesoma kilimo alikuja kula. Akaangalia juu, akaniuliza, "Shangazi, yale madude yako yameenda wapi?"

Kumbe lile dude ni nyuki. Haliishi kundini wala halina asali ya kuvuna. Jike hutoboa mbao kavu, akaweka humo mayai na chakula cha wanawe. Chavua ya pasheni, ule unga wa ua unaofanya tunda lifunge, ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile: hupita chini, akachukua chake akaenda zake bila kugusa panapotakiwa kuguswa. Dude jeusi likiingia, mgongo wake unapangusa juu, penye chavua na panapoipokea. Na kuna jambo jingine: pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe. Sharti itoke kwa mpasheni mwingine, wala si uliopandwa kwa tawi la huohuo.

Basi leo saa saba mchana, maana ua lake hufunguka kuanzia adhuhuri, nilichukua brashi ya mwanangu ya kupakia rangi, nikaenda kwa jirani nyumba ya nne kuomba chavua. Nikapanda juu ya meza. Nimepangusa maua arobaini. Mgongo unaniuma hapa ninapoandika, na shingo haigeuki upande wa kushoto.

Binti yangu atakaa kwenye meza ya juisi wiki hii. Mimi nataka kuzunguka, nijue ni vibarua wangapi wengine ninaowala jasho bila kuwajua.

Jumanne, mjini

Chai nimeinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi, kibandani karibu na Marikiti. Mbaazi na ngano, kwa kiasi kikubwa, hujichavusha zenyewe, kwa hiyo nikadhani kifungua kinywa hiki hakina deni la mdudu. Nikamtumia mpwa wangu ujumbe wa kujigamba. Akajibu: "Na mafuta yaliyokaanga mahamri?"

Ni mafuta ya mawese, yale yanayoshushwa hapa bandarini kutoka Malaysia na Indonesia. Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi. Wazungu waliupeleka Asia, ukamea vizuri, lakini mdudu wake hawakumpeleka. Wakawa wanalipa watu kuzunguka mashambani wakipuliza chavua kwa mkono, mti kwa mti. Yaani mimi na brashi yangu, ila kwenye mashamba yasiyo na mwisho. Mwaka 1981 ndipo walipomtoa Kamerun kifukuzi mdogo, hatoshi hata kufunika punje ya mchele, wakamwachilia Malaysia. Kazi ya mkono ikakoma. Nimeliangalia hamri langu kwa jicho jingine, kisha nikalila.

Marikiti yenyewe imejaa maembe: ngowe, boribo, dodo. Muuza ngowe nilimuuliza nani huchavusha mwembe akacheka, akapunga kitambaa. "Nzi hawa hawa ninaowafukuza, dada." Alikuwa anatania, na hakukosea. Tawi moja la maua ya mwembe huwa na maua mamia kwa mamia, madogo, na wateja wake wakubwa ni nzi wa namna nyingi pamoja na nyuki. Si kwamba ukoo wa nzi ni wema wote. Yule nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hapa Pwani, ndiye anayesababisha ukate embe zuri ukute funza. Wahenga walishasema dudu liumalo usilipe kidole. Lakini kumbe hawakusema tuyapulize dawa yote, yaumayo na yasiyouma.

Nyuma ya soko kijana mmoja anakusanya matunda yaliyooza kwenye ndoo. Nikamfuata kwa umbea tu. Anafuga nzi! Si nzi wa chooni. Ni mweusi, mwembamba, anafanana na nyigu, huitwa nzi askari. Mkubwa wake haumi, wala hana haja na sahani yako. Kazi yote ya kula huifanya akiwa funza. Kijana alinifunulia beseni, nikaona maganda ya papai yanachemka bila moto. Baada ya kama wiki mbili funza wamenenepa, anawakausha, anawauzia wenye kuku, na kinachobaki ni mbolea. Sikukaa sana. Harufu, jamani.

Lakini lile papai lilinikumbusha nyanyangu, Mungu amrehemu. Kila mpapai dume ukiota uani aliukata. "Dume halizai, linakula mbolea bure." Na kila mwaka alilalamika mapapai yamepungua. Mpapai huchavushwa na nondo wale wakubwa wanaoruka jioni, wenye mrija mrefu kama mshipi. Maua ya dume ndiyo yenye mbochi, yale maji matamu ya ua. Ua la jike halimpi nondo kitu. Yeye huliingia kwa kukosea, akidhani ni lile la dume. Ukikata madume yote, nondo hana la kumleta uani kwako. Nyanya alikuwa anafukuza wageni kisha anauliza mbona nyumba imepoa.

Jumatano, Jomvu Kuu

Matatu hadi Jomvu, kisha bodaboda, kisha miguu. Nilikuwa na ahadi na mzee mmoja ambaye kikundi chao kinafuga nyuki ndani ya mikoko ya hori la Tudor. Alinipokea kwa kunitazama viatu. "Bi mdogo, hivyo viatu umekuja navyo harusini?" Nikavivua. Maji yalikuwa yametoka, tope linafika kwenye vifundo, na kaa wanakimbilia mashimoni kama watoto walioona mwalimu.

Mimi mikoko nilikuwa naijua kwa jina moja, na matumizi mawili: boriti na makaa. Mzee alinisomesha kama mtoto wa chuoni. Huu wenye mizizi ya kuning'inia ndio mkoko wenyewe, huu mkandaa, huu wenye vijiti vilivyosimama topeni kama misumari ni mchu. Nyuki wao wanaupenda mchu. Maua yake ni madogo, ya manjano, usipoangalia hutayaona, lakini mbochi yake ni nyingi. Mlilana nao una maua makubwa yanayofunguka usiku, hayo ni ya popo na nondo. Na mkoko mwenyewe zaidi hutegemea upepo. Nilifurahi kusikia hivyo. Mtu anayekwambia kila kitu ni kazi ya nyuki anakuuzia asali.

Mizinga imefungwa juu kwa waya, mbali na maji yanapojaa, na miguu ya waya imepakwa grisi ili sisimizi wasipande. Tulisimama mbali kidogo. Mzee hakuvaa chochote isipokuwa kofia yake ya vito. Mimi nilifungwa mtandio usoni nikabaki macho.

"Kabla ya mizinga," alisema, "tukiweka mlinzi, mlinzi analala. Tukiweka kibao, kibao kinakatwa kikawa kuni. Nyuki halali, na hapokei kitu kidogo."

Wakata miti wanajua mzinga uko wapi. Mti wenye mzinga na jirani zake hauguswi. Na mikoko ikisimama, kamba na samaki wadogo wana pa kulelewa, na ukingo hauliwi na maji. Sikuwa nimewahi kuunganisha sindano ya nyuki na bei ya kamba.

Tulikaa barazani kwake. Alinipa asali kwenye kisahani, na mkate. Ni nyepesi kuliko ya bara, rangi ya kahawia, na mwishoni ulimi unahisi kama chumvi. Au labda ni mimi nilitaka kuihisi. Alinisomea aya mbili za Suratul Nahl, Nyuki alivyofunuliwa ajifanyie nyumba milimani na mitini na katika wanayoyajenga watu, na kinywaji kitokacho matumboni mwao chenye rangi mbalimbali, ndani yake mna ponyo kwa watu. "Katika wanayoyajenga watu," alirudia, akinitazama. Nilikuwa nimeshamweleza habari ya banda langu. Niliinamisha kichwa nikachovya tena mkate. Chovya chovya humaliza buyu la asali, akaniambia, na akakiondoa kisahani. Akanifungia chupa moja, na pesa akachukua yote bila kupunguza.

Alhamisi, Bamburi

Mvua ya vuli ilipiga usiku kucha. Alfajiri kwenye taa ya nje kumejaa kumbikumbi, mbawa zimetapakaa kama maganda ya vitunguu. Jirani yangu anayetoka Kakamega alikuwa ameshaamka na sufuria la maji chini ya taa. Huwakaanga bila mafuta, kwa kuwa wanayo yao. Nilionja watatu. Wana ladha ya karanga. Wa nne nilimpelekea mwanangu, akakimbia.

Mchana nikaenda Haller Park. Watu huenda kuwaona twiga na viboko. Mimi nilienda kuangalia majani makavu yaliyoanguka chini, mlinzi akanishangaa.

Hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilichimba chokaa tangu miaka ya 1950, kikaacha uwanja mweupe wa mawe usiomea hata nyasi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ukakubali, kwa sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyouvutia naitrojeni kutoka hewani. Lakini yale majani yake kama sindano yalianguka, yakalala pale pale bila kuoza. Miti imesimama juu ya jiwe na chakula chake kimelala juu ya jiwe, hakuna wa kukipika. Mpaka Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu anazitafuna. Wakaletwa jongoo kwa mamia. Wanakula sindano, wanatoa mavi, mavi yanakuwa udongo, udongo unapokea mti mwingine. Leo ni msitu. Niliokota jongoo mmoja kwa kijiti, akajikunja kama pete.

Nilipompigia mpwa wangu kwa furaha alinikatiza. "Jongoo si mdudu, Shangazi. Mdudu ana miguu sita." Nikamwambia hiyo ni hesabu ya chuoni kwenu. Kwa Kiswahili changu jongoo ni mdudu, nge ni mdudu, tandu ni mdudu, na kidudu mtu pia yumo, na yule wa mwisho peke yake ndiye asiye na faida.

Ijumaa, Likoni na Tiwi

Feri asubuhi, sitaieleza, anayeijua anaijua. Upande wa pili nikapanda matatu hadi Tiwi, kwa mzee Mdigo ambaye huniuzia madafu.

Shambani kwake ukishika mti ovyo utajuta. Minazi na miembe yote ina maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani yakawa kiota. Kushona kwenyewe ni ajabu: wakubwa wanalivuta jani kwa jani, wamekamatana viuno kama watu wanaovuta jarife, na wengine wamebeba mabuu yao mdomoni, wanayapitisha huku na huku. Uzi hutoka kwa mabuu. Mtoto ndiye sindano na ndiye uzi.

Mgema wake anawatukana kila siku akipanda. Mzee hataki waguswe. Kuna mdudu mwenye mdomo kama sindano anayefyonza vidaka, vikalia utomvu na kudondoka kabla ya kuwa vitale, na dafu ndiyo hulioni. Mwingereza aitwaye Way alichunguza jambo hili Zanzibar katika miaka ya 1950, na yule mfyonzaji akapewa jina la kitaalamu linalomkumbuka. Palipo na maji moto, mfyonzaji hana raha. Mzee hajawahi kumsikia Way. "Baba yangu alinionyesha minazi miwili," alisema, "mmoja una maji moto, mmoja hauna. Akaniambia nihesabu." Amefunga kamba kutoka mti hadi mti ili wasishuke chini, kwa kuwa chini kuna sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaopigana nao na mara nyingi huwashinda.

Kwenye mahindi yake nikaona kiwavi kwenye bua, na ubavuni pake vijikoko vyeupe vimeshikana kama punje za mchele. Nilitaka kumponda. Mpwa wangu (nilimtumia picha) akapiga simu mara moja: "Usiguse!" Kiwavi yule ni mtoboa mabua kutoka Asia, aliyekuja Afrika bila adui yake. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilimleta nyigu mdogo kutoka Pakistan, na mwaka 1993 akaachiliwa huku huku Pwani. Anaingia kwenye tundu la bua, anamdunga kiwavi, anaacha mayai mwilini mwake. Watoto wanamla kiwavi kwa ndani, kisha wanatoka kusuka vijikoko. Kinyaa, naam. Lakini mzee huyu hajanunua dawa ya mahindi, na sasa najua kwa nini labda.

Akanipa zawadi: tawi kavu la mwembe, nene kama paja, lina matundu matatu ya mviringo. "Dude lako linalala humu. Usilitikise." Nimelibeba kwenye feri nimelikumbatia. Watu walinipisha.

Jioni nilishuka ufukweni Mama Ngina kupumzika. Muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, upepo umeanza kugeuka kaskazi. Na huo muhogo nao una hadithi: mdudu mweupe, kama aliyepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1970 akaiangamiza mihogo kutoka nchi hadi nchi. Mtaalamu wa wadudu Hans Herren na wenzake wakamfuata adui yake, nyigu kutoka Paraguay, wakaanza kumwachilia Nigeria mwaka 1981. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mswisi wa pili wiki hii. Sijui kule kwao wanalishwa nini.

Juu ya mibuyu kereng'ende walikuwa wengi, wa rangi ya dhahabu, wanaelea bila kutua. Hawa wamenifunga mdomo. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliona kila Oktoba wanafika visiwani kwa maelfu, ilhali kule maji baridi ya kutagia ni haba sana. Mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India, wanavuka bahari na upepo ule ule wa kaskazi hadi Afrika Mashariki wakifuata mvua, na vizazi vya mbele hurudi na kusi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 14,000. Wakifika wanataga kwenye madimbwi ya vuli, na wanakula mbu. Mababu zetu walisimama papa hapa kungojea majahazi ya kaskazi. Sijui kama kuna aliyeinua macho.

Jumamosi, Kisauni

Tawi la mwembe limefungwa chini ya mpasheni, upande wa kivuli, mvua isipofika. Tundu moja lina unga mpya wa mbao chini yake, nao jana haukuwapo. Boriti zilizopulizwa dawa nimezing'oa.

Katika maua arobaini niliyopangusa Jumatatu, thelathini na mawili yamefunga, yamekuwa kama gololi za kijani.

Saa tisa fundi alipita, jasho linamtiririka, akavuta kiti.

"Mama, nipe ile pasheni yako."

"Pasheni hamna, fundi. Ukwaju upo."


"Hamna? Na maua yote haya?"

Nikamtilia ukwaju, nikamwambia akae vizuri, maana hadithi yenyewe ni ya siku tano.